Timu isihamishwe bila wenyeji kuulizwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo kila msimu unapomalizika hurudi kwa sura mpya, nalo ni timu za Ligi Kuu kuuzwa, kubadilishwa jina na kuhamishiwa mkoa mwingine, huku wenyeji waliozilea tangu madaraja ya chini wakizisikia habari hizo redioni kama watu baki. Mimi ni mzaliwa wa Rujewa, wilayani Mbarali, mkoani Mbeya, Tanzania, na kwa miaka kadhaa sasa naishi na kufanya kazi katika jiji la Columbus, jimbo la Ohio, nchini Marekani. Jambo hili limenigusa pande zote mbili, kwa sababu huku niliko niliwaona mashabiki wakiizuia timu yao isiondoke, na kule nilikozaliwa timu iliondoka.

Nianze na nyumbani. Ihefu si jina lililookotwa njiani. Ni jina la bonde oevu lililoko katika tambarare za Usangu, ambalo maji yake huulisha Mto Ruaha Mkuu, na kwa mtu wa Mbarali kulitaja jina hilo ni kutaja mpunga, samaki, ng'ombe na ugomvi wa maji wa miaka mingi. Timu iliyobeba jina hilo ilipanda Ligi Kuu mwaka 2020, ikashuka baada ya msimu mmoja, ikarudi mwaka 2022, na ikawa inacheza mechi zake za nyumbani katika uwanja wa Highland Estate, Ubaruku, mahali ambapo zamani mtu wa Dar es Salaam hakuwa na sababu ya kufika isipokuwa amefuata mchele. Tarehe 29 Novemba 2022 Yanga walifika hapo wakiwa wamecheza mechi 49 za ligi bila kupoteza hata moja, wakaondoka wamefungwa mabao 2-1. Walirudi tarehe 4 Oktoba 2023, na matokeo yakawa yale yale.

Mjomba wangu analima mpunga huko Ubaruku. Siku ile ya Novemba alinipigia simu baada ya mchezo, huku kwetu ikiwa bado asubuhi, na kwa dakika nzima sikuambulia neno, nilisikia honi za bodaboda na watu wakiimba. Alipopata pa kusimama akasema, "Mjomba, tumewafunga." Akanieleza kwamba alikuwa amesimama saa nne, kwamba kidole chake cha mguu kilikanyagwa na kijana aliyetoka Makambako kwa basi, na kwamba mama mmoja anayeuza vitumbua stendi alikuwa amemaliza ndoo mbili kabla ya mapumziko. Nilimuuliza mabao yalifungwaje, akanijibu kwa kifupi sana, kisha akarudi kwenye habari ya watu waliokuja na magari yaliyojaa barabarani. Kwake yeye habari kubwa ya siku ile ilikuwa kwamba watu wamekuja Ubaruku.

Kabla msimu wa 2023/24 haujaisha, timu ilikuwa imeshahamishia mechi zake za nyumbani katika uwanja wa Liti, Singida, mamia ya kilomita kutoka Mbarali, na ulipoanza msimu wa 2024/25 jina la Ihefu lilikuwa limetoweka kwenye ratiba ya ligi, mahali pake pakisomeka Singida Black Stars. Sisemi kwamba kuna aliyevunja kanuni. Ninachosema ni kwamba kama jambo zito kiasi hiki linaweza kufanyika bila kanuni yoyote kuvunjwa, basi kanuni zenyewe zina upungufu.

Wala sina neno baya na ndugu zetu wa Singida, ambao wana haki ya kuwa na timu kama watu wa mkoa mwingine wowote, na ambao jambo hili limewaumiza wao pia. Singida United iliyopanda mwaka 2017 ilishuka mwaka 2020. Ikaja Singida Big Stars mwaka 2022, ambayo mwaka mmoja baadaye ikaitwa Singida Fountain Gate na kucheza mashindano ya Afrika. Nayo haikukaa, kwani kwa msimu wa 2024/25 tunaikuta ikiitwa Fountain Gate na maskani yake yakiwa Babati, mkoani Manyara. Kijana wa Singida aliyenunua jezi mwaka 2022 na kijana wa Ubaruku aliyenunua jezi mwaka huo huo wote wawili wamebaki na nguo ya timu isiyokuwepo. Nani basi aliyefaidika, kama hata aliyeletewa hana uhakika wa kubaki nayo?

Sasa nieleze niliyoyaona huku. Columbus Crew ndiyo klabu ya kwanza kupewa nafasi katika Ligi Kuu ya Marekani, mwaka 1994, miaka miwili kabla ligi yenyewe haijaanza kuchezwa, na mwaka 1999 ikafungua uwanja wake, wa kwanza mkubwa katika ligi hiyo kujengwa mahususi kwa ajili ya soka. Mwaka 2013 iliuzwa kwa mwekezaji kutoka California, Anthony Precourt. Katikati ya Oktoba 2017 habari zikatoka kwamba asipopatiwa uwanja mpya katikati ya jiji ataihamishia timu Austin, Texas, ambako ni takribani kilomita 2,000 kwa barabara, na wakati huo huo ikajulikana kwamba mkataba wa 2013 ulikuwa na kifungu kilichomwachia mlango wa kwenda huko. Sababu zilizotolewa ni kwamba mahudhurio yalikuwa hafifu na wadhamini walikuwa wachache. Kwa haki, mahudhurio yalikuwa kweli miongoni mwa madogo katika ligi, na mashabiki wenyewe hawakulikana hilo.

Jumapili ya tarehe 22 Oktoba mashabiki walikusanyika mbele ya jengo la halmashauri ya jiji. Nilikuwa nimetoka zamu ya usiku ghalani, nikaenda na mfanyakazi mwenzangu, Mkongo wa Uvira ambaye ndiye hasa aliyenifundisha kuipenda timu hiyo, na nilitarajia kukuta vijana wa jukwaani na ngoma zao. Vijana walikuwepo, tena na ngoma. Lakini mbele yangu alisimama mzee mwenye fimbo, amevaa skafu nyeusi na ya njano iliyochakaa, pamoja na mjukuu aliyekuwa amebebwa na mama yake. Walikuwepo wenye maduka, walikuwepo madiwani, na walikuwepo watu waliosema waziwazi kwamba hawajawahi kuingia uwanjani, ila hawataki jiji lao lichukuliwe kitu bila kuulizwa. Katika wiki zilizofuata vibao vya njano vya kundi lililojiita Save The Crew, yaani iokoeni Crew, vikawa madirishani mwa vinyozi, migahawa na nyumba za watu. Hata kinyozi ninayemwendea mimi, Msomali asiyejua timu ina wachezaji wangapi, aliweka kimoja.

Kitu kilichonigusa zaidi kuliko maandamano ni meza moja ya kukunja. Mwaka uliofuata, nikiwa kwenye mgahawa wa kahawa, nilimkuta dada mmoja ameketi nyuma ya meza hiyo akiwa na rundo la fomu. Nilidhani anachangisha, nikatia mkono mfukoni, akanizuia. Alikuwa na swali moja tu: ukihakikishiwa kwamba timu inabaki, wewe utanunua tiketi ngapi za msimu? Niliandika mbili. Aliniomba niandike na jina langu lote na anwani, kwa sababu, alisema, atakayekuja kuinunua timu hii hatataka kusikia kelele zetu, atataka kuona hesabu. Nimelikumbuka neno hilo mara nyingi. Wenzetu walikwisha kuambiwa kwamba hawaji uwanjani, na badala ya kubishana walikusanya ahadi za maandishi za watu watakaokuja, fomu kwa fomu.

Hata hivyo, Mhariri, nitakuwa nimewapotosha wasomaji wako nikiwaambia kwamba fomu na ngoma peke yake ndizo zilizoiokoa timu. Kulikuwa na sheria. Mwaka 1995 mmiliki wa Cleveland Browns, timu ya mpira wa Kimarekani katika jiji jingine la jimbo hili hili, alitangaza kuihamishia Baltimore, na jiji zima likaingia katika kilio. Mwaka uliofuata bunge la Ohio likapitisha sheria inayosema kwamba timu ya kulipwa inayotumia uwanja uliosaidiwa na kodi za wananchi na inayopokea msaada wa serikali haiwezi kwenda kucheza mechi zake za nyumbani kwingine mpaka itoe taarifa ya miezi sita na kuwapa watu wa eneo lake nafasi ya kuinunua. Sheria hiyo ilikaa kabatini zaidi ya miaka 20. Tarehe 5 Machi 2018 Mwanasheria Mkuu wa Ohio, pamoja na jiji la Columbus, waliitoa kabatini na kumfungulia kesi Precourt na ligi yenyewe, wakitaja, miongoni mwa mengine, kwamba uwanja wa Crew ulikuwa umesimama juu ya ardhi ya serikali.

Kesi hiyo haikufika kwenye hukumu ya mwisho, na haikulazimika kufika. Kazi yake kubwa ilikuwa kununua muda. Wakati mawakili wanabishana, wanunuzi walikuwa wanatafutwa, na tarehe 12 Oktoba 2018 ligi ikatangaza kwamba kuna mazungumzo na Dee na Jimmy Haslam, wamiliki wa Browns, pamoja na familia ya Edwards ya hapa Columbus, ambayo mmoja wao, Dk. Pete Edwards, aliwahi kuwa daktari wa timu. Mwanzoni mwa 2019 timu ikawa mikononi mwao. Mkongo mwenzangu alinitumia ujumbe wa sauti siku habari ilipotoka. Alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja, na nyuma yake nilisikia mashine za ghala zikiendelea kufanya kazi.

Yaliyofuata yanapaswa kusomwa na kila anayedai kwamba kumzuia mwekezaji ni kuua mpira. Desemba 2020 Crew waliwafunga Seattle mabao 3-0 katika fainali na kutwaa ubingwa, katika uwanja wao wa zamani, mbele ya mashabiki wachache walioruhusiwa kuingia kwa sababu ya korona. Julai 2021 wakafungua uwanja mpya katikati ya jiji, kitu kile kile kilichodaiwa kuwa hakiwezekani. Desemba 2023 wakawa mabingwa tena. Na Austin je? Austin walipata timu yao mpya, iliyoanza kucheza ligi mwaka 2021 chini ya Precourt huyo huyo, kwa jina lao na historia wanayoiandika wenyewe tangu ukurasa wa kwanza. Kwa hiyo ombi la watu wa Columbus halikumnyima mtu mwingine chochote.

Pasipokuwa na sheria ya namna hiyo, mambo huenda vingine. Mei 2002 jopo la watu watatu lililoundwa na Chama cha Soka cha Uingereza liliamua, wawili dhidi ya mmoja, kwamba Wimbledon, mabingwa wa Kombe la FA mwaka 1988, waruhusiwe kuhama London kusini kwenda Milton Keynes. Mashabiki waliandamana, waliandika, walisusa, na timu ikaondoka. Ndipo wakaanzisha AFC Wimbledon mwaka huo huo, wakaanzia ngazi ya tisa ya soka la huko, na iliwachukua mpaka Novemba 2020 kurudi kucheza katika mtaa wao wa Plough Lane. Nawaheshimu sana watu wale, lakini sitamani mtu wa Mbarali aambiwe kwamba dawa yake ni kusubiri miaka 18.

Ninachoomba ni kwamba Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania (TFF) na Bodi ya Ligi waandike kanuni ya kuhama, iwe wazi na isomeke na mtu yeyote. Klabu inayotaka kuhamisha maskani yake kwa kudumu kutoka mkoa mmoja kwenda mwingine itoe taarifa ya hadharani msimu mmoja mzima kabla, na isihame katikati ya msimu, wakati watu wameshapanga safari zao na wafanyabiashara wameshaweka mitaji yao pembezoni mwa uwanja. Ndani ya muda huo, halmashauri, wafanyabiashara wa eneo husika na mashabiki waliojiunga pamoja wapewe nafasi ya kwanza ya kuinunua kwa bei ile ile ambayo mnunuzi wa nje ameikubali, tena bei hiyo ithibitishwe na mtu asiye na upande. Sijasema mwenye mali alazimishwe kuuza kwa hasara. Nimesema wenyeji waulizwe kwanza, na waulizwe kukiwa bado kuna muda wa kujibu.

Na kama hakuna mwenyeji atakayejitokeza, timu iende, lakini iache jina. Hili nalitilia mkazo kwa sababu Cleveland walilipata: katika makubaliano ya mwaka 1996 jina la Browns, rangi zake na kumbukumbu zake zote zilibaki Cleveland, timu iliyoondoka ikaanza upya Baltimore kwa jina la Ravens, na mwaka 1999 Browns wapya wakaingia uwanjani wakiwa wameivaa historia ile ile. Kwetu jina la Ihefu lingeweza kukabidhiwa kwa chama cha mpira cha wilaya kwa ajili ya timu yoyote ya Mbarali itakayopanda kutoka chini. Mabao mawili yaliyovunja rekodi ya mechi 49 yalifungwa Ubaruku. Kuyaandika katika historia ya klabu ya Singida ni kuwapa watu wa Singida kumbukumbu ambayo hawana, na kuwanyang'anya wa Mbarali ile waliyo nayo.

Wapo watakaosema klabu ni mali binafsi na mwenye fedha ndiye mwenye kauli. Klabu za wanachama, mfano wa Simba na Yanga, zinalindwa na kanuni za serikali za mwaka 2017 zinazotaka wanachama wabaki na asilimia 51, lakini klabu nyingi za mikoani ni za mtu mmoja, kampuni au taasisi, na huko mwanachama hayupo wa kupiga kura. Nalikubali hilo. Lakini fedha za mwenye klabu hazisimami peke yake. Viwanja vingi zinakochezea timu zetu vilijengwa kwa michango na nguvu za wananchi enzi za chama kimoja; polisi wanaolinda mechi ni wa umma; mkuu wa wilaya anayehamasisha mashabiki wajitokeze analipwa na umma; na timu inapokwama nauli ya kwenda ugenini, bakuli hupitishwa kwa wafanyabiashara wa hapo hapo. Mwenyeji anayeombwa mchango wakati wa shida anastahili kupewa taarifa wakati wa kuuza.

Upande wetu mashabiki nao una kazi, na hapa nasema na watu wa nyumbani kwangu kwa mapenzi. Tulijaa Yanga walipokuja, na Simba walipokuja. Siku za mechi nyingine majukwaa hayakuwa hivyo, na mwenye timu anayaona. Tusisubiri tetesi za kuuzwa ndipo tuandike barua kama hii yangu. Maeneo yenye timu leo, iwe Ruangwa kwa Namungo au Mwanza kwa Pamba Jiji, yaanze sasa kuwa na daftari la mashabiki wa kweli, wenye majina na namba za simu, walioahidi tiketi za msimu mzima na kuzilipia, ili siku mwekezaji atakaposema hapa hakuna watu, mtu aweze kumwekea daftari hilo mezani.

Nilimsomea mjomba rasimu ya barua hii kwa simu Jumamosi iliyopita. Alinyamaza muda, halafu akauliza kama hiyo nafasi ya kwanza ya kununua ingemhusu hata mtu mwenye magunia 40 tu ya mpunga. Nilimwambia ndiyo, akiungana na wenzake. Akasema basi niandike hivyo, kwamba wapo watu Ubaruku ambao wangetoa magunia, ila hawakuulizwa.

Naomba gazeti lako liwafikishie TFF na Bodi ya Ligi ombi hili, na liwaulize kanuni hiyo itaandikwa lini.

Wako katika michezo,
Mzaliwa wa Rujewa,
Columbus, Ohio, Marekani